Ngazi ya Mukau

Nyumba yetu, upande wa Mitaboni, ni ya ghorofa moja. Baba alipoijenga, watu walikuja kuitazama Jumapili baada ya misa, wakasimama uani bila kusema neno, kama waliokuja kumwona mgonjwa. Baba alikuwa seremala. Kuta aliwaachia mafundi wengine, lakini ngazi ya ndani aliitengeneza mwenyewe: vidato kumi na vinne vya mukau, mti wetu wa Ukambani ambao mchwa hawauli. Kidato cha saba alikikosea kipimo, kikawa juu kuliko vingine. Hakukirekebisha. Alisema kitatufunza kuinua miguu, na sisi wanawe tulijikwaa hapo utoto wetu wote.

Baba alipofariki, haikupita miaka mingi presha ya macho ikamla mama macho yote mawili. Tulidhani atahamia chini. Akakataa katakata. Chumba chake cha juu kilikuwa na dirisha linaloelekea matuta ya shamba, na ingawa haoni, alisema upepo wa pale humwambia kama mvua imeshuka Kangundo au bado. Alipanda na kushuka peke yake, bila fimbo wala kushikwa. Mbao zilikuwa zimelika katikati zikafanya vibonde, na nyayo zake zilivijua vyote. Masikio nayo yalijua jinsi kila mmoja wetu alivyoiliza ngazi. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ameniita mwaitu, yaani mama. Jioni nikirudi kutoka kazini mjini Machakos, nikifika kidato cha tatu tu, namsikia kutoka chumbani: "Mwaitu, umekuja." Sikuwahi kuhitaji kujitambulisha.

Mwaka jana kakangu mkubwa, anayeishi Syokimau, alipata habari kwamba wakwe wa binti yake wanaleta mbuzi wa ntheo. Hao ndio mbuzi wanaomfanya msichana awe mke wa watu, na kwetu hupokelewa nyumbani kwa wazee, si Syokimau.

"Hao ni watu wa class," aliniambia kwa simu. "Unataka wapande ngazi inalia kama mlango wa zizi? Na hata mum ataanguka hapo siku moja."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifunga mdomo. Ningeweza kumwambia kwamba mama hajawahi kuanguka. Ninayekaa naye ni mimi, na nilijua. Lakini kakangu akiamua nimezoea kunyamaza, kisha nalaumu baadaye, na huo ndio uoga wangu.

Tukampeleka mama Katelembo kwa dada yetu, wiki mbili, tukimwambia akapumzike. Ngazi iwe sapraizi. Hadi leo nikilikumbuka hilo najiona mpumbavu: tulimwandalia mtu asiyeona sapraizi ya kutazama.

Fundi aliibomoa kwa asubuhi moja. Akamwaga zege, akabandika taili nyeupe zinazong'aa, vidato kumi na vitatu vilivyolingana sawasawa. Mbao za baba zikarundikwa nyuma ya jiko. Niliomba angalau kidato cha saba kiwekwe stoo.

"Cha nini? Utakikalia?" kakangu akasema, akacheka. Nami nikacheka naye. Kicheko hicho sijajisamehe.

Mama aliletwa asubuhi ile ile ya wageni, amevaa gauni lake la kanisani. Aliposhuka garini alisimama uani, akanusa. Sufuria tatu kubwa zilikuwa mekoni.

"Nani anachoma mukau?" akauliza. "Hiyo ni mbao, si kuni."

Wapishi wakanitazama. Alfajiri waliniuliza kuni ziko wapi, nami katika pilikapilika zangu nikawaonyesha nyuma ya jiko.

Aliingia ndani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi, akavua viatu kama kawaida yake. Unyayo ukagusa taili, ukarudi. Ukagusa tena, ukitafuta kibonde.

"Mum, ni sapraizi!" kakangu akasema. "Tumekuwekea ngazi mpya. Iko smart sana, ungeiona tu..."

Mama alipanda. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Kwenye kidato cha saba aliinua mguu juu kama alivyouinua miaka yote, ukashuka kwa kishindo, ukateleza, akaanguka kwa magoti. Hakuvunjika kitu. Alishuka akiwa ameketi, kidato kimoja kimoja, gauni limepanda, mbele ya wapishi na wajukuu. Alipofika chini aliuliza jambo moja tu.

"Ile ya baba yenu ndiyo mnapikia?"

Wageni walifika, wakala, wakaisifu ngazi, na kakangu akapigwa picha juu yake pamoja na wakwe zake. Amerudi mara moja tangu siku hiyo, wakati wa Krismasi.

Sasa mama analala chini, katika chumba tulichokuwa tukiwekea mahindi. Dirisha lake linatazama ukuta wa choo. Hajalalamika, na afadhali angenitukana. Kule juu tumetandika vitanda vya wageni, na wageni hawaji.

Jioni narudi kutoka kazini. Saruji ya chini hailii, na sauti ya viatu vya kila mtu juu yake ni ile ile. Nikifika mlangoni pake, anageuza kichwa huku ameshika ukingo wa godoro.

"Nuu?" anauliza. Nani?

Siku za kwanza nilidhani ananiadhibu. Lakini nimemtazama uso wake, na kweli hajui. Basi namtajia jina langu, ambalo ni jina la mama yake, kisha nangoja aniambie niingie.