Madumu Saba ya Maharage

"Huyu atakufa amepanga foleni."

Baba mdogo alisema hivyo mbele yangu, mrija wa pombe ya mtama ungali mkononi, siku niliyorudi Muyinga kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na diploma yangu ya kilimo ndani ya mfuko wa nailoni. Wazee waliozunguka chungu wakacheka.

"Mtoto wa kambi anajua kushika kadi ya posho," akaendelea. "Kujaza ghala lake mwenyewe? Mwaka hautaisha kabla hajaja hapa na bakuli."

Sikuja na bakuli. Nilikuja mara moja tu, na kopo, kuomba mbegu, kwa sababu diploma haioti.

Nyumba tano zilinikopesha maharage. Kilimani kwetu anayekopesha hujaza kopo mpaka liwe na kilele na punje zidondoke. Anayerudisha hufanya vivyo hivyo. Kupitisha kijiti juu ya kopo ni kumwambia mtu kwamba si wako. Nyumba nne zilinipa kilele. Ya tano ilikuwa ya baba mdogo. Mkewe alichomoa kijiti kwenye ufagio, akasawazisha.

"Kambini si wanapima hivi?"

Maharage yake yalikuwa na matundu ya wadudu. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Mjinga angeyapanda. Mimi niliyafunga kwenye kitambaa, nikayaweka.

Mavuno yangu yalikuwa mazuri kuliko ya kilima kizima, na sisemi kwa kujisifu, waliyaona. Wenzangu walichanganya yao na majivu, wakatia kwenye magunia kama walivyofanya babu zao. Mimi niliyaanika mpaka punje ikawa inapasuka chini ya jino, nikajaza madumu saba mpaka shingoni, nikakaza vifuniko na kuviziba kwa nta ya mshumaa. Mdudu asipopata hewa hufa. Kisha nikayapandisha lori hadi mjini Gitega, kwenye nyumba niliyopanga na mke wangu na watoto mtaa wa Nyamugari, nikayasimamisha kando ya kitanda.

Amri yangu ilikuwa moja: hakuna kufungua kwa miezi minne.

"Baba watoto," mke wangu alisema, "na kama ulifunga yakiwa na unyevu? Yataoza yote. Tutakula nini? Tutapanda nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yakioza, ningerudi kwenye chungu kile kwa magoti. Nikamjibu kwamba aliyesoma ni mimi. Tukala isombe, majani ya muhogo, bila maharage, siku nyingine bila mafuta. Mtoto wetu wa mwisho alilia mbele ya sahani. Nikamwambia machozi hayaivishi kitu.

Mwezi wa tatu mafuta ya magari yakaadimika. Malori ya Muyinga yakakoma kuja, soko likabaki na mabua. Mji mzima ulipanga foleni na madumu matupu, mimi nikiwa na saba yaliyojaa. Jirani yangu, fundi cherehani, akayaona kupitia dirishani. Asubuhi alikuja na chefu, mkuu wa mtaa, na nyuma yao watu wenye chupa za kutilia petroli.

"We bwana, unaficha esanse! Bidon saba iko kwa kitanda!"

"Iko maharage," nikamjibu kwa Kiswahili chake.

"Maharage kwa bidon? Mi ni mtoto? Fungua!"

Mke wangu alifumba macho. Nikakwangua nta, nikafungua, nikainamisha dumu juu ya mkeka. Punje zilimiminika kavu, zinang'aa, bila tundu hata moja. Hakuna aliyecheka.

Fundi alikuwa bado ameshika chupa yake. "Patron," akasema taratibu, "nipimie hata kopo moja. Watoto."

"Ulikuja kutafuta esanse," nikamwambia. "Katafute esanse."

Msimu wa kupanda ulipokaribia nilifunga dumu moja kwenye baiskeli, nikasafiri siku mbili hadi Muyinga. Wadudu walikuwa wamemaliza magunia ya kilima kizima, majivu na yote. Wenye zile nyumba nne niliwapimia kopo lenye kilele, na la pili juu yake. Wakanishika mikono.

Kwa baba mdogo hapakuwa na chungu. Alikaa kizingitini. Mama mdogo alitoka mbio, hakuleta kopo, alileta kikapu.

"Leta kopo," nikasema.

Nikafungua kitambaa. Maharage yake yaleyale, sasa maganda na unga. Nikayamimina kwenye kopo lake, nikachomoa kijiti kwenye ufagio wake, nikasawazisha.

"Mwanangu, hata mbegu hatuna."

"Kambini si wanapima hivi, mama mdogo?"

"Wewe ni damu yetu," akasema baba mdogo.

"Hata siku ya kijiti nilikuwa damu yenu."

Sikuwa tena na deni la mtu yeyote duniani. Nilipogeuza baiskeli, mama mdogo alikuwa ameshachukua ungo, anapepeta ule unga akitafuta punje nzima. Dumu langu lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Nikakaza kifuniko.