Mkaguzi Ambaye Hakunywa Uji Wangu

Ukuta ulinilalia nikiwa nimeinama kuokota sufuria. Sikusikia kishindo. Nilisikia tu mchanga ukinimwagikia mgongoni kama mtu ananichokoza, halafu giza. Nilipofungua macho, mguu wa kulia ulikuwa chini ya mawe na mdomo umejaa vumbi la simiti. Nyumba yangu ya Ruiru, ile niliyoitafuta miaka yote nikiuza mitumba soko la Githurai 45, ilikuwa imenikalia.

Walionitoa ni majirani, wanawake waliokuwa wakifua nguo ploti ya pili. Hawakungoja mtu. Walijipanga mstari wakapokezana mawe vile tunavyopokezana sahani kwenye harusi. Mmoja alinishika kichwa akawa ananisemesha.

“Usilale, mama. Ukilala, ndoo yangu uliyoazima nitaidai kwa nani?”

Nilicheka na mchanga kwenye meno. Mpaka leo nikiwaona wanawake hao nasimama kuwasalimu. Na ndoo nilirudisha.

Sasa wacha nianze mwanzo. Shule niliachia darasa la nne, lakini ujenzi nimeuona. Marehemu mume wangu alijenga nyumba yetu Thika wakati wa karatasi. Alibeba michoro kwapani, nakala juu ya nakala, kutoka meza moja hadi nyingine: huyu wa afya, yule wa barabara, mwingine ameenda kula na hajulikani atarudi lini. Faili likapotea, tukaanza upya. Tuliilaani hiyo karatasi. Lakini siku ya msingi mkaguzi alikuja, mzee aliyevaa gambuti. Alitandaza mchoro juu ya mchanga, akauwekea mawe kwenye pembe usipeperuke, akashuka shimoni yeye mwenyewe. Akasema tuchimbe tena upande wa chini. Tukachimba. Akanywa uji wangu, akaenda zake. Kwetu mtu akikanyaga ploti inayojengwa haondoki mdomo mkavu, hata awe amekuja kuuliza njia. Nyumba hiyo haina ufa hadi leo. Shemeji zangu walinitoa humo mume alipofariki, na wanajijua.

Nilipopata ploti yangu ya Ruiru, nyuma ya mtaa wa Membley, nilienda kwa mchoraji wa ramani mwenye ofisi juu ya duka la rangi. Alinicheka nilipomuuliza nilete nakala ngapi.

“Mathe, hayo mambo ya kubeba makaratasi yaliisha. Sasa ni mtandao. Wewe keti, simu itakuambia.”

Na kweli simu iliniambia. Mchoro ulipita bila mimi kuacha kibanda changu hata asubuhi moja, na nilishukuru, niliwatangazia wenzangu sokoni kwamba kompyuta imeniokolea viatu. Nilichouliza ni mkaguzi atakuja lini kuona msingi. Mchoraji akasema ni yeye atamwita, huko huko kwenye mtandao. Fundi mkuu, ambaye nilimlisha kama mtoto wangu, akasema mvua iko karibu, tumwage simiti.

Mimi nilikuwa hapo kila siku ya huo msingi, kibanda nimekifunga, sufuria iko motoni. Walikunywa mafundi, walikunywa madereva wa lori, alikunywa hata mhubiri aliyepotea akitafuta mkutano. Mkaguzi sikumpa kwa sababu hakuja.

Upande wa chini wa ploti yangu una ule udongo mweusi unaovimba ukilowa. Msingi ulikuwa haujaupita. Kuta zikasimama, mvua ikanyesha, na mengine nimekwisha kuyasema.

Fundi alikuja hospitali na machungwa, akalia mbele ya wauguzi. Machungwa nilikula, lakini bado namtaja kati ya waliokosa. Mchoraji alizima simu, na juu ya duka la rangi sasa kuna saluni.

Nilipoweza kutembea na magongo nilienda kwenye ofisi ya mipango, ile inayopitisha michoro, nikijua nitaimbiwa wimbo wa zamani, kwamba faili halionekani. Mama mmoja aliyekuwa mezani akanivutia kiti, akageuza kompyuta nami nione, akanisomea polepole bila kunidharau. Mungu amuweke huyo mama. Mbele ya neno msingi kulikuwa na alama ya kijani. Umekaguliwa, uko sawa.

“Nani amesema?” nikamuuliza.

Alitazama mlango kwanza. “Mimi naonyeshwa tu kwamba ni ofisa. Jina analiona mkubwa wetu. Lakini halifutiki, mama.”

Ndiyo maana wenzangu wakiitukana hiyo mashine mimi siwafuati. Karatasi ingeliwa na panya, ama na mtu. Mashine imeutunza uongo vile ulivyowekwa, na kwa hilo naishukuru. Nashukuru pia mguu, ambao unachechemea lakini ni wangu. Nashukuru mikono ya wale wanawake.

Basi wewe mkubwa wa ofisi, unayeliona hilo jina, usiniambie nirudi wiki ijayo. Mlete huyo mtu kwenye ploti yangu. Shimo la msingi ulipobomoka bado liko wazi. Ashuke asimame ndani, anitazame machoni, aniambie aliona nini siku hiyo. Na aniambie uji wangu alinywea kikombe gani.