Fundi wa Chuno Anayepiga Hodi

Saa nne asubuhi, Shangani. Mzee Ismaili Chitanda amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mfuko wa turubai begani, na anapiga hodi. Ndani hakuna mtu, naye anajua hakuna mtu. Mwenye nyumba, Mwalimu Felista, yuko nyuma yake. Ndiye aliyepoteza ufunguo na kumwita.

"Hodi," anarudia Mzee Ismaili.

"Mzee, unamwita nani?" anauliza mwalimu huku akicheka. "Mwenyewe si niko hapa?"

"Basi itika, mwanangu. Usipoitika sifungui."

"Haya, karibu."

Hapo ndipo anapochuchumaa na kutoa vyuma vyake viwili vyembamba. Anafumba macho na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwalimu hajamaliza kuhadithia alivyoudondosha ufunguo sokoni, kitasa kinalia na mlango unaachia. Mzee haingii. Anarudi nyuma na kumpisha mwenye nyumba, ambaye anataka kumpa chai, kisha anakumbuka kuwa ni mwezi wa Ramadhani.

Huko kwao, mtaa wa Chuno, wamempa jina: Bila Hodi. Mwandishi wa makala haya alipomuulizia, alijibiwa na muuza mkaa: "Unamtaka Bila Hodi? Nenda moja kwa moja, nyumba yake ndiyo yenye mlango wazi." Walimwengu wana mambo. Mtu anayebishia hodi hadi nyumba tupu ndiye aliyebandikwa jina hilo!

Mzee Ismaili, ambaye sasa ana umri wa miaka hamsini na miwili, alijifunza kazi hii ujanani, alipokuwa mlinzi wa stoo za reli enzi za mradi wa karanga. Mzungu wa stoo alikuwa na tabia ya kupoteza funguo, na kila akipoteza, kijana Ismaili ndiye aliyesumbuka na kufuli. Miaka kumi iliyopita, mara baada ya uhuru, reli ikang'olewa.

"Walibeba vyuma, wakabeba na mataruma ya chini yake," anasema. "Mimi nikabaki na funguo za milango ambayo haipo tena."

Akaugeuza ufundi ule kuwa riziki. Alifungua masanduku ya maharusi, makabati ya ofisi, maduka ya Wahindi. Mkewe, marehemu Fatu, alikuwa akimtania kuwa mume wake anajulikana na milango mingi kuliko posta.

Miaka mitatu iliyopita duka moja la mtaani liliibiwa. Mlango ulikutwa wazi, kufuli zima, halina hata mkwaruzo. Kwa hesabu za mtaa, mwizi alikuwa mmoja tu. Mzee Ismaili akalala rumande. Baadaye ikagundulika kuwa kijana wa dukani mwenyewe alikuwa na ufunguo wa pili, akafungwa.

"Polisi waliniachia," anasema Mzee Ismaili. "Majirani hawajaniachia mpaka leo."

Tangu hapo hapewi kadi ya harusi. Akipita na mfuko wake, wanawake wanainuka na kurudishia milango. Mke ameshafariki, binti yake wa pekee ameolewa Lindi. Jioni hizi za mfungo, wanaume wa Chuno wanapotandika mikeka nje na kila nyumba kutoa sahani yake wale pamoja, yeye hufuturu peke yake, na muhogo wake na kikombe chake cha uji.

Nyumba yake haina kufuli wala kitasa. Ina kamba tu, ya kuzuia mbuzi. "Mlango wangu hauna kizuizi chochote," anasema, "na hakuna anayeingia."

Mwandishi alimuuliza kama lipo kufuli lisiloweza kufunguliwa bila ufunguo wake. Alicheka kidogo.

"Aliyelitengeneza ni mtu kama mimi, naye ameliachia njia ya ufunguo. Penye njia, hata uizungushe vipi, panapitika. Kufuli zuri linamchelewesha mwizi mpaka achoke au aonekane, basi. Kitu kisicho na njia kabisa hicho si kufuli, baba. Hicho ni ukuta."

Alionyesha kwa kidevu nyumba ya ng'ambo ya barabara, anakoishi Bi Rehema na mama yake. Mlangoni kuling'aa kitasa kipya. Kililetwa wiki iliyopita na kaka yake kutoka Dar es Salaam, na boksi lake limeandikwa kuwa hakifunguki kwa chochote ila ufunguo wake. Mtaa mzima unajua kililetwa kwa ajili ya nani.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, mwandishi bado yuko barazani kwa Mzee Ismaili, Bi Rehema alipotoka na ndoo kwenda bombani. Nyuma yake upepo wa bahari ukausukuma mlango. Ukagonga, tak!

Maisha yake yote Bi Rehema ametumia kufuli la kuning'inia, ambalo usipolibana kwa mkono halifungi. Kitasa hiki hujifunga chenyewe. Ufunguo ulikuwa ndani, mezani. Ndani alikuwamo pia mama yake, Bibi Somoe, ambaye hajatembea tangu alipovunjika nyonga, na karibu naye jiko la mkaa likiwa na sufuria ya futari.

Aliporudi na maji, moshi ulikuwa umeanza kutoka chini ya mlango.

"Mama! Jamani, mama yangu!"

Watu wakajaa. Kasiani, kuli wa bandarini, mwili kama gunia la korosho, akaupiga mlango bega mara kadhaa. Ni wa mbao ya mninga. Haukutikisika. Madirisha yana nondo. Mmoja akakimbilia mtaimbo. Ndani bibi alisikika akikohoa.

Mzee Ismaili alikuwa amesimama kizingitini kwake, mfuko mkononi, havuki barabara.

"Nikikifungua hiki," alimwambia mwandishi kwa sauti ya chini, "hakuna atakayelala na amani mtaa huu. Watanihama kabisa." Akautazama moshi. "Lakini yule ni mama wa watu."

Bi Rehema akageuka, akamwona. "Baba Ismaili," aliita. "Njoo, baba. Nakuomba."

Akavuka. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya mlango, akavuta pumzi.

"Hodi!"

"Hodi ya nini, mzee?" Kasiani alifoka. "Fungua!"

"Hodi, bibi!"

Ndani kikohozi kilikatika. Sauti nyembamba yenye lafudhi ya Kimakonde ikaitika: "Kalibu! Kalibu ndani, mwanangu!"

Mzee akapiga magoti. Kitasa kile hakikuwa cha mchezo. Alijaribu, akatoa vyuma, akavipindua, akaanza upya. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na funga ilimkausha midomo. "Aliyekutengeneza ana akili," alikinong'oneza. Kasiani alikuwa ameuinua mtaimbo kitasa kilipolia, na mlango ukafunguka.

Watu wakaingia kwa kishindo. Sufuria ikatolewa ikifuka moshi, Bibi Somoe akabebwa na kitanda chake hadi uani penye hewa. Mzima, macho tu yakimtoka machozi.

Mzee Ismaili hakuingia. Alibaki nje, akifuta vyuma vyake kwa kitambaa. Furaha ilipotulia, watu walianza kukitazama kitasa, kisha mikono yake.

"Hata hiki!" mama mmoja alisema taratibu, akamvuta mwanawe karibu.

Mwandishi alitamani kumkaripia mama yule, lakini uso wake haukuwa na ubaya, ulikuwa na hofu tu. Mzee alifunga mfuko, akarudi kwake. Kutoka uani ilisikika sauti ya Bibi Somoe: "Aliyepiga hodi yuko wapi? Mbona hakuingia? Si nilimwambia kalibu?" Bi Rehema alikuwa akitazama chini.

Adhana ya magharibi ilipolia, Bi Rehema alivuka barabara na sahani iliyofunikwa kawa. "Futari yako, baba. Ahsante." Akaiweka barazani, akarudi upesi.

Ulikuwa muhogo wa nazi, umeungua upande mmoja na unanuka moshi. Mzee Ismaili alimkaribisha mwandishi, wakala. Ng'ambo, mikeka ilikuwa imeshatandikwa na watu wanacheka.

"Leo sahani imekuja kwangu," alisema. "Namshukuru Mungu. Ila mimi, sikufichi, nilitamani kwenda kwenye sahani."

Alipomaliza aliiosha, akaikausha kwa shuka yake, akaigeuzageuza mkononi. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Atakaanga korosho, alisema, zile nyeupe za mwanzo wa msimu, aijaze. Kesho adhana ikikaribia, ataipeleka mwenyewe, amevaa kanzu, bila ule mfuko.

"Na wasipoitika?" mwandishi aliuliza.

"Hodi ni mara tatu. Nisipoitikiwa, nitarudi." Akaifunika sahani na kawa, akatazama ng'ambo. "Lakini Bibi Somoe yupo. Yule kusema 'karibu' hawezi, anasema 'kalibu'. Ila anaitika."