Kibao Tulichokikataa Mlimani

Glenna Tatro hajui kutulia. Hata kanisani hutikisa mguu mpaka benchi zima linatetemeka, na sisi majirani zake tumechoka kumwambia, "Mama, tulia, treni haikuachi." Asubuhi huendesha basi la shule, mchana hukamua ng'ombe wa shemeji yake, na simu ya dharura ikilia yeye ndiye dereva wa gari la wagonjwa la kijiji chetu cha Hadlock. Kazi hiyo tunajitolea. Mimi hukaa nyuma na mgonjwa, huu mwaka wa kumi na moja, naye mbele hukanyaga mafuta huku akiongea peke yake.

Oktoba ndiyo humtoa roho. Majani ya vuli yakishaugeuza mlima mwekundu na manjano, magari humiminika kutoka mijini, na kila dereva shingo imepinda kutazama majani. Wanasimama kwenye kona. Wanasimama darajani. Mmoja aliingia uani kwa Glenna, akasogeza shuka zilizoanikwa kambani ili apate picha nzuri. Huku kwetu ukiona mtu yuko nyuma yako unasogea kando, anapita, mnainuliana vidole viwili juu ya usukani, basi yamekwisha. Honi hatupigi. Kumpigia mtu honi ni kumtukana, na Glenna alijisifu kwamba yake hajui hata inaliaje.

Sasa hapa nami nina kesi ya kujibu, kwa hiyo nitasema yote.

Mwezi Machi tulikuwa na mkutano wa kijiji, ule wa mara moja kwa mwaka ambapo kila mkazi ana kura yake na sahani yake ya maharage. Mzee Orrin Sprague akasimama. Orrin aliishi peke yake mwisho wa barabara ya mlimani, njia nyembamba ya udongo yenye mimepo huku na huku, ile miti tunayoigema utomvu wa sukari. Alikuwa mbishi wa kuzaliwa, akibishana hata na redio.

"Nataka vibao," alisema. "Viwili tu. 'Usiegeshe hapa.' Oktoba hawa watu wananiziba kama panya shimoni. Siku nikianguka mtanifikiaje?"

"Uanguke wewe?" mtu akamtania kutoka nyuma. "Kifo kikija utabishana nacho mlangoni mpaka kichoke!"

Tukacheka. Glenna akainuka, mguu ukimcheza.

"Mzee wangu, hao wageni wananikera kuliko wanavyokukera wewe. Ila kujaza makatazo njiani ni sawa na kumkaribisha mtu na fimbo. Mwenye adabu haandikiwi. Asiye nayo, kibao kitamfunza nini?"

"Adabu si uganga, Glenna. Mtu wa mbali atajuaje kama kuna binadamu huko juu?"

"Aah, mzee, kaa ule maharage yako yanapoa."

Makofi yakavuma. Vibao vikakataliwa, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja na ya wengine. Tulijiona watu waungwana kweli.

Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa tano asubuhi, Orrin mwenyewe akapiga simu. Upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, maneno yanamteleza. Kiharusi. Alikuwa amejiburuta muda mrefu sakafuni kuifikia simu hiyo. Glenna aliondoa gari kabla sijafunga mlango.

Tulifika chini ya mlima. Magari yalipangwa pande zote mbili, mpaka kati pakabaki upenyo wa baiskeli. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha majani yaliyoanguka. Gari moja lilikuwa limeteleza juu yake, gurudumu la nyuma mtaroni, pua imeziba njia. King'ora kililia, waliokuwa karibu wakaruka pembeni kwa heshima, lakini wenye magari walikuwa ndani ya msitu na kamera zao.

Glenna akapiga honi. Akaipiga tena na tena, akaikandamiza kwa mikono miwili, akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni, jamani, kuna mtu huko juu!"

"Twende kwa miguu," nilimwambia.

Tulibeba machela na mkoba tukakimbia kupanda, kilomita nzima, tukipita watoto wanaopigwa picha. Orrin tulimkuta jikoni, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Alimtazama Glenna. Mimi niliinama kufunga mikanda, kwa kuwa sikutaka anitazame na mimi.

Kushuka tulisaidiwa na wageni walewale. Wanaume wanne walishika machela bila kuombwa mara mbili, wengine wakakimbia kurudisha magari yao kinyumenyume, hata lile la mtaroni likainuliwa kwa mabega. Mama mmoja mwenye koti la manjano alitembea kando yetu akilia.

"Dada, tusameheni. Tulitafuta kibao, wallahi, tukazunguka mara mbili. Hatukukiona, tukadhani huku hakuishi mtu."

Glenna alimpisha karibu na machela. Kisha akasema, "Shika hapo kwenye pembe ya machela, mama. Usimtikise."

Tulipoteza dakika arobaini. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, na kwamba tulichelewa kidogo. Hilo neno "kidogo" linaniamsha mpaka leo.

Orrin hakufa. Anatembea kwa mkongojo katika nyumba ya kutunzia wazee, anakula vizuri, anakutambua ukiingia. Ila maneno yameondoka yote, na daktari hana tumaini nayo.

Glenna humwendea kila siku akimaliza kukamua. Siku moja nilifuatana naye. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Nitukane, mzee," alisema. "Sema uliniambia. Sema chochote, mimi niko hapa."

Orrin akafungua mdomo. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, kisha akaufunga, akageukia dirishani. Glenna akasubiri. Alisubiri mpaka muuguzi akaja kutuambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, na kesho yake akarudi.