Kombe la herufi za padri

Leo nimemunywesha mama mukubwa herufi za padri.

Aliamka na homa. Dawa ya dispansari akaikataa. Alitaka kombe: aya iandikwe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ioshwe, anywe yale maji.

Lakini mwalimu wa Kurani alikuwa amevuka mto kwenda maziko Alunguli.

Njo nikabaki mimi, karani wa Leta, serikali ya Wabelgiji, niliyesoma misheni. Alhamdu nimeihifadhi yote. Herufi za zamani, zile za kuanzia kuume, sijui kuandika hata moja.

Nyinyi mungefanya nini?

Mimi niliandika kwa zile za padri, ninazoandikia barua za Mubelgiji.

Mama mukubwa hajui kusoma, ila aliikodolea macho ile sahani.

"Hizi zimesimama kama mapolisi. Zetu zinalala."

"Maneno njo yale yale, mama."

"Nikiamuka naimba misa, ni juu yako."

Akanywa yote. Mchana jasho likamutoka, akaomba wali na sombe.

Jioni mwalimu akarudi. Mama mukubwa, muzima kabisa, akamuagiza kombe lingine, la herufi za zamani.

Nikamuuliza la nini tena, na homa imeisha.

"Hii njo ya kuosha ile yako."