Moshi wa Asajile

Serikali ilipoanza kuyauza mashamba ya chai kwa watu binafsi, mwanzoni mwa miaka ile ya tisini, kila kitu chenye tairi au injini kilipata mwenyewe upesi. Trekta lilipata mwenyewe, mizani ilipata mwenyewe, hata mabati ya kantini yalipata. Kilichokosa mwenyewe ni farasi.

Alikuwa dume mzee wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na wafanyakazi walimwita Jemedari. Mama yake aliletwa na mzungu wa mwisho aliyesimamia shamba la chai la karibu yetu. Mzungu akaondoka, jike akafa, mtoto akabaki. Mameneja wetu waliofuata hawakumpanda, lakini hawakumwacha alale njaa. Ilikuwa bado enzi ambayo kitu cha umma kilitunzwa hata kama hakuna aliyejua ni cha nini. Sasa tuna enzi nyingine, na kila kitu lazima kijibu swali.

Mtunzaji wake tangu azaliwe alikuwa Asajile, jirani yangu huku Kisondela, mtu mfupi, mchache wa maneno kwa watu na mwingi wa maneno kwa wanyama. Msimamizi mpya alipofika bandani alimkuta anamsugua Jemedari ubavuni kwa gunzi la mahindi.

"Huyu anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Ni farasi, bwana."

"Naona ni farasi. Nauliza kazi yake."

Asajile aliendelea kusugua. "Anakaa."

"Basi akakae kwako. Sisi hapa tunalima chai."

Ndivyo Asajile alivyopita naye Tukuyu mjini siku ya soko, kamba mkononi, watu wakiacha kununua ili wacheke.

"Mzee Asajile, umeoa tena?" alipiga kelele mama mmoja wa ndizi.

"Nimeoa. Huyu hapigi kelele sokoni."

Nyumba ya Asajile ilikuwa ya mwisho kijijini kwetu iliyojengwa kama zilivyojengwa za baba zetu: ndefu, ya mianzi na udongo, upande mmoja watu, upande wa pili ng'ombe. Leo mkiambiwa kwamba Mnyakyusa alilala na ng'ombe wake mnakunja pua. Lakini sakafu ya ng'ombe ilifagiliwa kuliko sakafu zenu za saruji, ng'ombe alisuguliwa kwa majani mpaka anang'aa, na kila jioni ulikokwa moto wa kinyesi kikavu na kuni mbichi ili moshi ujae ndani, inzi na mbu wakimbie, mnyama apate joto. Ng'ombe asiye na moshi alihesabiwa kuwa ni ng'ombe wa mtu mvivu. Mgeni alipoingia alitazama kwanza moto wa ng'ombe, kisha ndipo akatazama uso wa mwenye nyumba.

Siku hizi ng'ombe ni kisima cha maziwa. Anasimama kwenye banda la mabati nyuma ya choo, hajui jina lake, gari la maziwa likipita anakamuliwa, lisipopita anatukanwa.

Asajile alimpa Jemedari nafasi iliyoachwa na ng'ombe wake wakubwa, pembeni mwa ndama jike mmoja aliyebaki. Nilikwenda mara nyingi kutazama. Asubuhi alimsugua kwanza kwa gunzi, kwa kuzungusha, ili matope na manyoya yaliyokufa yaachie. Kisha alichukua tita la nyuzi za mgomba alizozikausha mwenyewe, akafuata mlalo wa manyoya toka shingoni hadi mapajani, mpaka farasi akapata mng'ao wa kahawa iliyokaangwa. Singa za shingo na za mkia alizichana kwa vidole, unywele kwa unywele, akisema kitana kinakata. Kwato alizichokoa kwa kisu butu, akazipaka mafuta ya mbarika zisipasuke. Chakula kilikuwa matete, pumba za mahindi zilizoloweshwa, na donge la chumvi la kulamba. Akimfurahia sana alimpa karoti ya Isongole, au ndizi mbivu pamoja na ganda lake. Parachichi hakumpa kamwe, wala hakumfunga karibu na mti wake, kwa sababu jike lile, mama yake Jemedari, lilivimba uso baada ya kula majani ya mparachichi, wala halikupona.

Na jioni, kwa heshima yote, alimkokea moto.

Ilipofika Juni, ukungu ukishuka toka mlimani na kukaa migombani mchana kutwa, Jemedari alianza kukohoa. Mwanzoni kilikuwa kikohozi kimoja asubuhi. Baadaye akawa anakohoa akila, tena akinyoosha shingo na kupanua pua kama mtu aliyepanda mlima mbio, na tumbo likijikaza nyuma ya mbavu kila anapotoa pumzi.

"Baridi imemwingia," alisema Asajile, akaongeza kuni.

Felista, mke wake, alikuwa anamenya ndizi upande wa pili, macho yakimtoka machozi. "Baba Hezron, hata mimi imeniingia basi. Mbona mimi hunifuti pua?"

"Wewe una khanga."

"Mpe yangu moja. Kwanza ndiye mke mkubwa."

Alicheka, naye akacheka. Lakini usiku kikohozi hakikucheka na mtu, na Asajile aliamka kuchochea moto kama anavyoamka mama wa mtoto mchanga. Kadiri farasi alivyokohoa ndivyo alivyomwongezea moshi. Wakakonda wote wawili pamoja.

Mwezi uliofuata alikuja Husseni, mfanyabiashara wa viazi wa Tukuyu, mtu wetu, mjukuu wa Waislamu waliokaa mji ule kabla hata ya chai. Ndugu yake Khalidi alilima Isongole, na babu yao alifuga punda wa kubebea mizigo. Husseni alipoinama kuingia mlangoni alirudi nyuma akipepea mkono.

"Ugonile, tata," alisalimu kwa Kinyakyusa akiwa nje.

"Ndaga. Ingia basi, au umekuja kuamkia mlango?"

"Mtoe nje tuzungumze. Mzee wangu, moshi huu unamuua."

"Unamuua nani?"

"Farasi. Huyu na punda ni ukoo mmoja, mapafu yao hayataki moshi wala vumbi. Babu alimfukuza kibarua kwa kuota moto karibu na banda. Inzi tunawafukuza kwa maua ya pareto, tunayasaga tunampaka. Nipe nimpeleke kwa Khalidi. Kule kuna majani mafupi, upepo na uwanda. Atatubebea magunia kidogo hadi barabarani, basi."

"Atalala wapi?"

"Chini ya paa la nyasi. Pembeni wazi."

"Nje."

"Nje, lakini hai."

Asajile alisimama. Sijawahi kumwona mrefu vile. "Husseni, baba yako alikula kwangu. Mimi nimemwingiza huyu ndani mwangu, nimemwashia moto kama walivyowashiwa ng'ombe wa mahari ya mama yangu. Wewe unataka alale kama mbwa, abebe viazi, halafu unaniambia mimi ndiye ninayemuua?"

Husseni alinitazama mimi. Mimi nilitazama migomba. Nilidhani Husseni ametamani mbeba mizigo wa bure, na bado nadhani alitamani. Lakini mtu anaweza kuwa na tamaa na akasema kweli vilevile.

Mwishoni mwa Julai kaka yake Asajile alifariki Igogwe, naye akaenda msibani akakaa huko mpaka matanga yalipoisha. Felista aliachiwa wanyama. Aliachiwa pia maagizo ya moto, kwa urefu. Mume alipopotelea tu nyuma ya migomba, alimwaga ndoo ya maji kwenye mafiga ya ng'ombe, akafungua mlango wa nyuma, akamfunga Jemedari uani chini ya bati lililokuwa la kuku.

Asajile aliporudi nilikuwa nimeongozana naye toka njia panda. Aliona jivu jeusi lililolowa, akaweka fimbo chini.

"Felista! Umelala siku ngapi nyumba hii haina moto?"

"Sijalala. Nimesikia usingizi wa wengine."

"Unasema nini?"

"Nyamaza usikilize, Baba Hezron. Nyamaza tu."

Tukanyamaza. Uani farasi alikuwa anatafuna matete. Alitafuna, akameza, akatafuna tena. Hakuna kingine kilichosikika. Asajile alikwenda akaweka sikio mbavuni mwake, akakaa hivyo muda mrefu, kofia ya msibani ikiwa bado kichwani.

Mwingine angeshukuru akaishia hapo. Yeye alimfungua, akamrudisha ndani mchana ule ule, akakoka moto, akakaa juu ya kigoda mbele yake. Felista alianza kusema neno, nikamshika mkono. Moshi ulipanda, ukagonga paa, ukashuka. Jemedari alitikisa kichwa. Kisha alinyoosha shingo na kukohoa, na tumbo likajikaza nyuma ya mbavu.

Asajile aliuzima moto kwa mikono, kaa kwa kaa, wala hakutafuta maji.

Alijaribu kumfuga uani. Lakini ua wa Kisondela siku hizi ni migomba hadi kizingiti. Lile eneo la malisho ya kijiji, tulipochungia sisi wote tukiwa vijana, lilikwisha kugawanywa kwa wenye kujua mlango wa kubisha. Mvua ilimtia matope hadi magotini, na kwato alizozipaka mafuta miaka yote zilianza kunuka. Akampeleka Isongole kwa miguu, wakipumzika kila penye kivuli, na kumkabidhi Khalidi kamba.

Alikaa bila kwenda kumwona mpaka mavuno ya viazi. Siku hiyo alinifuata nimsindikize. Tulimkuta Jemedari kwenye uwanda, magunia yameshashushwa, singa za shingo zimejaa vishikanguo, manyoya yamesimama huku na huku kama ya mbuzi wa mjane. Lakini alikuwa amenenepa, na ukimtazama tumbo lilipanda na kushuka polepole, kama la mnyama asiyedaiwa pumzi na mtu.

"Hamumsugui," alisema Asajile.

"Mzee, kazi ni nyingi," alijibu Khalidi kwa adabu. "Ila hakohoi."

Asajile alitoa gunzi mfukoni mwa koti lake, akamwendea akimwita kwa sauti ile ya nyumbani. Farasi aliinua masikio, akaja hatua chache. Kisha akavuta hewa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Asajile akasogea tena, naye akarudi tena. Koti lile lilikuwa limekaa kwenye moshi wa nyumba yake miaka mingi kuliko umri wa Khalidi.

Alilivua. Akasimama na shati kwenye upepo wa Isongole, lakini shati nalo lilikuwa la nyumba ile ile, na ngozi pia.

"Kwa kuzungusha," alimwambia Khalidi akimpa gunzi. "Anza begani. Singa tumia vidole."

Khalidi akaanza, vibaya. Asajile alimwelekeza akiwa mbali, upande ambao upepo haukupeleka harufu yake kwa farasi, mpaka kahawia ile ilipoanza kuonekana. Halafu akavaa koti.

Jioni tulifika Kisondela. Ndama alikuwa anamsubiri gizani, na Asajile aliinama akamkokea moto wake.