Hereni za Wifi

Waliomjua Bi Sindano kwa ushonaji wake hawakujua kwamba alishona pia kisasi, taratibu, mwaka mzima, bila fundo kuonekana.

Kisa kilianzia kwenye bendi. Mwimbaji mkuu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, waliyemwita Chiriku. Bi Sindano aliingizwa awe mwitikiaji, apite chini ya wifi yake kwa sauti ya pili. Lakini kila akianza chini, mstari haujafika katikati ameshapanda, anaimba kilekile anachoimba Chiriku. Siku moja ya mazoezi Chiriku akasimamisha wimbo, akamgeukia mbele ya wapiga vyombo wote.

"Wifi, masikio hayo Mungu alikupa ya kuning'inizia hereni tu. Nenda kashone."

Wanaume wakacheka mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Bi Sindano akachukua mkoba wake, akaenda akashona. Hata sare za bendi alizishona yeye, tena vizuri. Mumewe alimshauri amwachie Mungu. Akajibu kwamba ameshamwachia, ila si vibaya mja naye akasaidia kidogo.

Cherehani yake ilikuwa ya mota. Akikanyaga pedali nusu, mota ilivuma sauti moja, haipandi haishuki. Akaanza kuimba juu ya mvumo ule. Mwanzoni ulimvuta, kama kawaida yake. Akakaza. Akagundua kwamba ziko sauti zinazogombana na mota hadi meno yanawasha, na ziko zinazolala nayo kama mshono uliopigwa pasi. Akazisaka hizo zinazolala, akazikariri moja moja. Kisha akahamia redioni. Wimbo ukipigwa, hakumsikiliza tena mwimbaji wa mbele. Aliwasikiliza wale wa nyuma, kama fundi anayepindua koti atazame bitana. Wateja walimkuta ameziba sikio moja kwa kidole, wakadhani linauma. Linapona, aliwaambia.

Mwaka ulipopinduka, mpiga gitaa, kiongozi wa bendi, alikuja kupunguziwa suruali. Akasimama mlangoni, suruali mkononi, akimsikiliza Bi Sindano akiitikia wimbo wa redio mpaka ukaisha, kisha akamwomba arudi kwenye bendi. Wiki hiyohiyo bendi ilikuwa iingie studio kurekodi, na mwitikiaji wao alikuwa amehama mji. Chiriku alipoambiwa nani anakuja alicheka, akasema basi na mbuzi naye aletwe.

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa magodoro. Wote walivaa sare, maana kulikuwa na picha ya kupigwa. Bi Sindano akashika sauti yake ya pili, akaikita kama nguzo. Ubeti wa kwanza tu, akasikia jambo ambalo bendi nzima haikuwahi kulijua: Chiriku alikuwa anayumba. Miaka yote aliimba na watu waliomfuata. Hakuwahi kusimama kando ya sauti isiyomfuata. Sasa aliteleza, mstari kwa mstari, akija kwenye sauti ya pili. Bi Sindano angeweza kupunguza, ampe mwenzake nafasi. Hakupunguza. Alifumba macho, akaongeza.

Wakarudia mara nne. Mwishowe fundi mitambo akazima vyombo, akawasikilizisha sauti tupu, ya huyu peke yake, kisha ya yule. Kila mtu akasikia nani kasimama na nani kapotea. Mpiga ngoma, yuleyule, akatazama viatu vyake.

Kiongozi akasema kwa upole kwamba Chiriku apumzike, atafutwe mwingine wa kuimba mbele. Machozi yalimlenga Chiriku. Akamtazama wifi yake, akingoja aseme neno, hata moja, la kumtetea.

Bi Sindano akamsogelea, akamnyoosha ukosi wa ile sare aliyomshonea.

"Hereni zako zimekupendeza, wifi," akasema.

Alirudi nyumbani, akasali, akashukuru kwa kila jambo. Toba akaiweka siku nyingine, furaha ile isije ikapoa.